Kikohozi cha Mzee Korongo

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, vyungu na hata simu za mkononi, mambo haya yalitokea bwawani. Asubuhi yalipoanza walikuwepo Tembo wa mlimani, Kiboko wa mtoni, Fisi fundi simu, Mzee Korongo, na Mama Kindi na mwanawe Chiku. Hao tu.

Jua lilikuwa kali, bwawa limepungua. Tembo alichora mpaka upande wake, Kiboko naye akachora wake.

"Ukivuka hapa ni vita!" alinguruma Tembo.

"Thubutu uone!" Kiboko akajibu, pwaa! akapiga maji.

Wadogo waliachiwa tope.

Kitu kimoja tu wakubwa hao walikiheshimu wote: dua ya Mzee Korongo. Kila alfajiri alipanda juu ya jiwe, akakohoa, koho! koho! kisha akaomba mvua, akimtaja kila mnyama kwa jina. Mpaka ashuke, hakuna aliyeinua mguu.

Na akishashuka, alibeba maji mdomoni, akayamimina kwenye kibuyu kilichovunjika mlangoni kwa Mama Kindi.

"Shikamoo, Mzee. Utachoka jamani."

"Marahaba, binti. Anywe mtoto kwanza."

Lakini maji ya mdomoni hayamtoshi mtoto mwenye homa. Chiku alilegea, midomo ikapasuka. Mama Kindi akamtazama usiku na mchana, akaona mwanawe anamponyoka.

Basi akachukua simu yake, akajibanza nyuma ya jiwe, akanasa dua za Korongo. Akakata neno hapa, neno pale, akayaunga. Kikohozi akakitupa. Aliona kinaharibu sauti nzuri ya mzee.

Asubuhi moja, kabla Korongo hajafika, akaficha kipaza sauti chini ya jiwe. Akabonyeza. Kwaruu!

"Tembo, rudi mlimani. Kiboko, rudi mtoni. Maji haya ni ya wadogo."

Tembo akapiga magoti. "Uwii! Mzee amenena, na mwenyewe haonekani!"

"Basi sauti imetoka juu!" Kiboko akatetemeka mashavu.

Chiku akakimbilia maji, akanywa, akanywa, tope puani. Mama Kindi akacheka huku analia.

Mara Korongo akatua, mdomo umejaa maji ya kibuyu; siku hiyo alianza kuyachota kabla ya dua.

"Mzee," Tembo akauliza, "uliyesema ni wewe?"

Korongo akamtazama Mama Kindi, naye akainamisha uso. Akamtazama Chiku anavyokunywa. Kisha akameza yale maji aliyobeba, asijibu kitu.

"Kimya chake ni ndiyo," alisema Kiboko. Wakaondoka, pu! pu! pu!

Fisi alibaki. "Hihihi! Dada yangu, umesahau kikohozi."

"Kaka Fisi, nisitiri! Wakijua watatukanyaga mimi na mwanangu!"

"Nikusitiri? Mbona rahisi. Nipe tu sauti zote ulizonasa."

Mama Kindi akampa. Laiti angejua!

Fisi akaenda mlimani, akajificha na simu, na kikohozi amekirudisha mahali pake. "Koho! Koho! Tembo, bwawa umepewa wewe." Kisha Fisi akajitokeza kumpa hongera, na Tembo kwa furaha akamzawadia mbuzi mzima. Fisi akateremka mtoni. "Koho! Koho! Kiboko, bwawa umepewa wewe." Akapata mwingine.

Haukupita muda, ardhi ikatetemeka. Tembo huyoo anateremka! Kiboko huyoo anapanda!

"Nimepewa na Mungu!" alipiga kelele Tembo.

"Muongo mkubwa! Nimemsikia Mzee kwa masikio yangu!"

"Hata mimi! Na alikohoa!"

"Kwangu alikohoa zaidi!"

Na Chiku alikuwa katikati ya bwawa, anaoga.

Korongo akaruka hadi juu ya jiwe, roho juu, asipate hata nafasi ya kukohoa. "Simameni! Jamani simameni! Kuna mtoto majini!"

Tembo akasita, mguu hewani, haoni kwa vumbi. "Sauti ya nani hiyo?"

"Haina kikohozi!" Fisi akapayuka kutoka kichakani. "Ya simu hiyo!"

"Ni yeye!" Mama Kindi akalia. "Ni yeye kweli! Ya simu ilikuwa ile yangu!"

Lakini sauti ya kindi ni ndogo, na vita ni kelele. Korongo akaliacha jiwe, akamrukia Chiku, akamfunika kwa bawa. Mguu wa Tembo ukashuka. Puu!

Vumbi lilipotulia, bwawa lilikuwa tope tupu, pande zote mbili. Chini ya bawa lililovunjika mtoto alikuwa analia, mzima.

"Koho," alikohoa Mzee Korongo. "Koho... koho."

Tembo akalaza masikio. Kiboko akatazama chini. Mama Kindi akapiga magoti kwenye tope.

"Mzee, nisamehe. Nilikuibia sauti."

"Mtoto amenywa?"

"Alikunywa, Mzee."

"Haya basi."

Wanangu, ukiazima sauti ya mwema ili useme uongo, siku ya kweli mwenyewe hataaminiwa.

Mvua zilikuja kwa kuchelewa, bwawa likajaa. Bawa la Korongo halikuunga, na jiweni hakupanda tena. Maji ya kunywa alipelekewa na Mama Kindi kila alfajiri, kwenye kibuyu kilekile kilichovunjika.