Mama Kindi Aliyeacha Kucheza Gofu

Zamani sana, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika, wakifua na kununiana kama sisi, palikuwa na chemchemi moja tu isiyokauka kiangazi. Aliyeshinda mchezo wa gofu ndiye aliyeamua nani anywe kwanza mwaka huo.

Kila mwaka alishinda Nyati. Yeye na jamaa zake waliingia majini asubuhi, wakaoga, wakakoroga tope, wakatoka. Wadogo wakanywa kilichobaki. Sasa maji yale yalikuwa yamemlaza Siti, kitinda mimba wa Mama Kindi. Tumbo lilimkata kutwa nzima, na mama yake akawa anamchujia maji kwa kipande cha kanga.

Zamani Mama Kindi alikuwa mchezaji mzuri. Mpira wao ulikuwa koche, tunda kavu la mkoche, na yeye alilipiga kwa utulivu. Lakini alipomwona Nyati anavyopiga, paa, koche linapotelea juu, akataka naye apige vile. Akajipinda, akafumba macho, akapiga kwa nguvu zake zote. Koche likawa linaishia vichakani. Kadiri alivyotumia nguvu ndivyo alivyozidi kuharibu.

Akamwendea jirani yake, Mama Kobe.

"Shoga, nimeacha kucheza."

"Umeacha kabisa?"

"Nimepumzika. Nataka nianze upya kama mtoto. Hata kushika fimbo nimesahau."

Mama Kobe hakucheka. "Njoo uani kwangu, pana kivuli," alisema. "Na Siti mlete. Tutamlaza hapa mlangoni, nimwangalie."

Akafukia kifuu cha nazi ardhini, mdomo juu, kikawa shimo. Mama Kindi akasimama hatua chache tu, akashika fimbo taratibu. Ta. Koche likapita pembeni. Ta. Likapita tena. Mama Kobe akalifuata kwa mwendo wake ule wa polepole, akalirudisha, akamfunika mtoto vizuri, akalifuata tena. Miguu ilimuuma lakini aliendelea.

Siku zikapita, na Mama Kindi hakupiga mbali hata mara moja.

Uwanjani kulikuwa na desturi. Koche la mkubwa likifika karibu na shimo, wadogo walikimbia kuliokota wakisema, "Limeingia, bwana." Ilikuwa heshima. Mama Kindi mwenyewe aliwahi kuliokota. Sasa pale uani, akikosa na kukosa, akajiuliza: hivi Nyati amewahi kulitumbukiza mwenyewe?

Hilo hakumwambia mtu.

Siku moja Nyati akachungulia juu ya ua.

"Mama Kindi, nasikia siku hizi unacheza na vifuu."

"Ndiyo, Bwana Nyati. Nimerudi chekechea."

"Basi mwaka huu nani atatuchekesha?"

"Nitakuja, bwana. Mtacheka tu."

Siku ya mashindano wanyama wote walikusanyika. Mchezo ulikuwa wa kupiga kwa zamu, na wa kwanza kutumbukiza ndiye mshindi. Mama Kindi akasimama mbele yao, akainamisha kichwa.

"Bwana Nyati, mimi bado najifunza. Naomba nisihurumiwe. Koche langu mtu asiliokote mpaka litumbukie lenyewe."

"Unajiombea adhabu?"

"Ndiyo, bwana. Ila naona haya kuadhibiwa peke yangu. Lakini najua ni vigumu, siwezi kuwaomba wakubwa."

Nyati akavimba shingo. "Vigumu kwa nani? Iwe hivyo kwa wote. Atakayegusa koche langu nitamkanyaga."

Akapiga. Paa. Koche likaruka uwanja mzima, likatua karibu kabisa na shimo. Kicheche akakimbia kuliokota kama alivyozoea, kisha akakumbuka onyo, akarudi kinyumenyume.

Mama Kindi akapiga. Ta. Likaenda kidogo, lakini likanyooka.

Nyati akalipiga lake. Paa. Likavuka shimo, likabingirika mbali upande wa pili.

"Upepo," akasema.

Ta, Mama Kindi akasogea. Paa, Nyati akavuka tena. Ta. Paa. Hakujua kupiga kidogo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwacha ajifunze. Jasho likamtiririka Nyati mpaka puani, na ndama wake wakatazama chini.

Hatimaye koche la Mama Kindi likawa hatua chache kutoka shimoni. Akamwona Mama Kobe pembeni, amempakata Siti, midomo ya mtoto imekauka. Akavuta pumzi, akashika fimbo taratibu.

Ta. Likabingirika, likasita ukingoni, likatumbukia.

"Umenitega," Nyati akasema kwa sauti ndogo.

"Nimekutega, bwana. Nina mgonjwa."

Kesho yake Mama Kindi akapanga kila mtu achote kwa kata na asiingie mtu majini. Wagonjwa walikunywa kwanza, kisha watoto wote. Ndama wa Nyati walijificha nyuma kwa aibu, naye Mama Kindi akawaita, akawachotea kwa mkono wake. Kisha akaketi na Siti, akamnywesha maji meupe, funda kwa funda, mpaka mtoto akasema, "Niongeze, mama."

Basi wanangu, msione haya kurudi kujifunza yale madogo, maana Nyati alishindwa na dogo asilojifunza.