Ukuta wa Bi Khole

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana fomu zilikwishazaliwa, Mwanasha alipanga chumba cha Bi Khole katika mji wa nyumba za mawe. Ukuta ulikuwa na saruji, na saruji ilikuwa na kuvu. Akisugua Jumatatu, Jumatano imerudi, nyeusi tii. Binti yake Batuli akilala, kifua kinalia filimbi.

"Ni mvuke wako, unachemsha uji mno," alisema Bi Khole. "Na ukuta wangu usiguswe!"

Siku moja Mwanasha aliona ajabu. Pale msumari wa chandarua ulipobandua saruji, upana wa kiganja, hapakuwa na kuvu. Akaegemeza shavu: pakavu kama unga. Akaenda kwa Bwana Afya.

Bwana Afya akafungua fomu. "Panya?"

"Hapana."

"Kunguni?"

"Hapana."

"Maiti?"

"Bado. Labda ukichelewa."

Fomu haikuujua ukuta. Akauandika kwenye 'Mengineyo'. Mkuu wake alikuwa likizo, muhuri uko mezani, akagonga mwenyewe amri: saruji ibanduliwe.

Akaitwa Fundi Vuai. Kuuona ukuta, akaweka nyundo chini. "Mkono wangu huu. Bi Khole alitaka saruji, nikampa saruji, juu ya lipu ya kale niliyoikuta. Jiwe na chokaa hupumua. Mimi nikaliziba pua."

Alibandua kwa kisu na kijiko, siku tisa, vipande vya ukubwa wa kucha. Siku ya tisa ganda la mwisho likaanguka pamoja na lipu ya kale, na ukuta ukashusha pumzi ndefu, baridi. Chini ya lipu zilisimama safu za zidaka, vishubaka vya ukutani, juu mpaka darini, maua ya chokaa yamechongwa membamba kama lesi. Bwana Afya alivua kofia, ingawa hakuna kanuni inayomtaka.

"Chumba cha arusi cha bibi yangu," Bi Khole alinong'ona. "Nilidhani walinidanganya."

Ukuta ulikauka kwa siku arobaini. Adhuhuri moja Batuli alisinzia, na Mwanasha akainama kusikiliza. Kimya. Akamgusa kifua kwa hofu: kinapanda, kinashuka, bila sauti.

Ndipo Bi Khole akatangaza: "Aliyenirudishia ukuta huu atakaa humu bure mpaka afe. Mmoja tu. Wengine wasinikanyagie sakafu."

Bwana Afya akasema, "Bila muhuri wangu, kisu kile kingekuwa kosa. Nimefukuzwa kazini na katika nyumba ya kazi, kwa barua yenye muhuri uleule."

Fundi Vuai akasema, "Fundi mwingine angepiga nyundo, mkazoa vumbi. Nami nalala kibandani."

"Si wewe uliyeuziba?" akadakia Bwana Afya.

"Ndiyo maana nilijua pa kupitisha kisu."

Mwanasha akasema, "Nyinyi mliitwa. Mimi ndiye niliyeona, na mwanangu ndiye aliyekosa pumzi. Nikitolewa, nikamlaze chini ya ukuta gani?"

Bi Khole aliwatazama watatu, akautazama ukuta, akashindwa kuchagua.

Basi nyinyi mnaosikiliza, msinitazame mimi. Chumba ni kimoja: nani alistahili kulala mbele ya zile zidaka?