Fisi na Ute wa Yai

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapika na kupakua kama sisi, Mama Kanga alitaga mayai tisa chini ya kichaka. Hata hajaanza kuyaatamia, Fisi huyo! Kaja na sufuria, kaja na kuni, na chumvi kaifunga kwenye jani. Nyie watoto, mlafi hasahau chumvi.

Alichukua yai moja, chubwi! kwenye maji ya moto.

"Hili likiiva, naweka na hayo manane," alisema. Mama Kanga alilia mpaka sauti ikamkauka.

Kindi alikuwa mtini, akasikia yote. Roho ilimuuma, maana Mama Kanga ni jirani yake wa kuombana moto. Kwa nguvu Fisi hamwezi, hilo alilijua. Lakini wao ni watani tangu enzi za mababu, na mtani akikuwekea sharti mbele ya majirani, ukikataa au ukikasirika utachekwa msitu mzima.

Parrr! akateremka.

"Mtani wangu, tumbo lisilo na mlango! Habari za njaa?"

"Toka hapa, mkia mtupu wewe!" Fisi alicheka. "Unaongea na mvunja mifupa ya tembo."

"Eti wewe na moto, nani ana nguvu?"

"Moto? Naukojolea tu, unazimika!"

"Majirani, mmemsikia?" Kindi alipaza sauti. Ngedere, Kobe na Digidigi wakasogea. "Basi mtani, menya hilo yai. Moto umeugandisha ute wake. Wewe urudishe uwe majimaji kama ulivyokuwa. Ukiweza, kula mayai yote. Ukishindwa, usikanyage tena hapa!"

"Hilo tu? Nimekubali!"

Fisi akaulowesha ute kwenye maji baridi, chubu chubu chubu. Mgumu vilevile. Akaukamua, fyuu! ukamchomoka ukaangukia mchangani. Akaukanyagakanyaga, ukawa vipande vyeupe, vigumu. Jua likafika utosini, jasho linamtiririka, na Ngedere hana mbavu kwa kicheko.

"Ute huu una uchawi!" Fisi alifoka.

"Uchawi wapi, mtani? Ndani ya ute mna protini, vijiuzi vidogo mno, havionekani kwa macho. Kila kimoja kimetungwa kama shanga, kisha kikajikunja kwa umbo lake. Umbo hilo ndilo linalokipa kazi. Kimoja kinamtunzia kifaranga chakula, kingine kinaua vidudu vya maradhi. Moto umeyakunjua maumbo hayo, nyuzi zimeng'ang'aniana ovyo, na kazi zao zimekwisha. Kwa makucha hayo utafumua upi, utakunja upi?"

Fisi alikodoa macho. "Kwani wewe unaweza?"

"Mimi? Thubutu! Nani alisema naweza?"

Weee! Majirani walicheka mpaka wakagaagaa chini. Fisi akabeba sufuria yake, akafyata mkia, akatokomea. Hata chumvi aliisahau!

Mama Kanga alipiga kigelegele, akayakalia mayai yake manane, na yote yakaanguliwa, piyo piyo piyo! Kindi aliitwa mjomba na vifaranga wanane kwa siku moja, akavimba kichwa wiki nzima.

Basi wanangu, kabla hujajisifu kwamba utakitengeneza kitu, ujue kwanza kimeundwaje.