Kuni za Matanga

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko na majirani kama sisi, ni Kanga aliyempelekea Mama Digidigi habari ile. Alifika mbio, bawa moja juu, moja chini.

"Kak-kak-kak! Shoga, umesikia? Matanuri hayazimwi tena!"

Mama Digidigi aliacha kumchua mwanawe kifua. Semeni alikuwa anakohoa tangu kiangazi, kho, kho, kho, kwa moshi wa matanuri ya chokaa ya Ndovu na Kifaru. Mfalme Simba alikuwa ameapa kuyazima.

"Hayazimwi kwa nini?"

"Nguchiro kamshauri mfalme. Eti nyumba moja ipimwe kuni inazochoma kwa siku, na kipimo hicho kiwe cha nyumba zote. Ukichoma pungufu, zile ulizoacha wakubwa wanaruhusiwa kuzichoma kwenye matanuri yao. Nao wanakupa mtama!"

"Na nyumba iliyopimwa ni ipi?"

Kanga akatazama chini. "Yako, shoga. Mizigo arobaini."

Arobaini? Yeye hata mzigo mmoja haumalizi kwa siku! Kisha akakumbuka. Nguchiro alikuja na kamba yake, akapima kuni uani huku anasema, "Pole, shemeji, pole." Ilikuwa siku ya tatu ya matanga ya mumewe.

Na desturi ya bonde lile ilikuwa hii: ukiingia msiba, nyumba zote huzima moto, kila mmoja huleta mzigo wake wa kuni, na wote hula jiko la mfiwa. Nyumba zilikuwa arobaini. Nguchiro alijua. Si na yeye alikula pale, akaomba na ukoko?

Mama Digidigi alikuwa mwenye haya. Hakwenda kulalamika. Jioni gunia la mtama likatua mlangoni, puu! Ndani ya nyumba hamkuwa na punje. Alitwanga, akapika, Semeni akashiba.

Matanuri mawili yakawa sita, sita yakawa kumi. Vuu! Vuu! Miti ya kilimani ikaanguka, moshi ukalala juu ya mapaa. Siku ya kumi Semeni hakuweza tena kulala chali. Alilala ameketi, mdomo wazi, mbavu zinahesabika.

Hapo mama yake akaenda barazani.

"Mfalme," alisema, "siku ile ilikuwa matanga. Majiko yote yalikuwa yamezimwa. Zile zilikuwa kuni za bonde zima, wakaziita za nyumba moja."

"Hee!" Nguchiro akaruka juu ya kigoda. "Shemeji, leo una mdomo? Na mtama ulitumbukia wapi, kisimani?"

Kifaru alicheka hadi pembe ikatikisika. Simba akawageukia majirani.

"Ni kweli asemayo?"

Swala akatazama kwato zake. Nguruwe akapiga chafya. Kanga, yule yule Kanga, akajichokoa manyoya kama aliyepoteza kitu humo. Kila mmoja alikuwa na gunia kwake.

"Wewe je, umekula?" Simba akamuuliza Mama Digidigi.

"Nusu, mfalme. Mtoto alikuwa na njaa."

"Basi kipimo ni kile kile. Baraza limekwisha."

Njiani Nguchiro alimkimbilia, mkia juu.

"Usinichukie, shemeji. Nimemdanganya mkubwa wa wote peke yake. Simba na nguvu zake zote, nimemzungusha kwa kamba ya katani! Ninyi wadogo nimewalisha."

"Na moshi wake anauvuta nani?"

"Aa, hapo kila mtu na pua yake," akasema, akapotea vichakani.

Ndiyo maana nawaambia, wanangu: anayekubali kula cha uongo, siku ya kuukanusha hakuna atakayemsikiliza.

Kesho yake asubuhi Mama Digidigi alifunga gunia lililobaki nusu, akalibwaga mlangoni kwa Nguchiro. Kisha akambeba Semeni mgongoni, akapita katikati ya nyumba zile arobaini bila mtu kufungua mlango, akashika njia ya kupanda, kule upepo unakotoka.