Fisi Aliyetupa Mafiga Yake

Jamani, ulimi unaniwasha, una hadithi!
— Ukune, itoke!
Ikiwa ya uongo?
— Tia chumvi, tutaila!

Somoe, shoga yangu, acha kuikodolea macho kanga yangu mpya. Sikiliza.

Hapo kale, ndani ya tumbo la Tembo kulikuwa na kijiji kinaitwa Ini. Wakazi wake walikuwa wanyama wadogo kuliko punje ya ulezi, na kazi yao ilikuwa kutunza sukari guru ya mwili mzima. Mlinzi wa ghala alikuwa Sange, kijinyama chenye pua ndefu. Kila asubuhi aligawa kipande kimoja kila nyumba. Watu wakapika juu ya mafiga, polepole, upepo ukichochea moto, na kipande kikawashibisha kutwa.

Wote, ila Fisi. Fisi alikuwa mzima kama wenzake, siku moja akageuka tu, akachoka kungoja chungu. Akatafuna sukari bila kupika, kacha-kacha-kacha! Nusu ikapotea bure. Makapi machachu akayatema mlangoni kwa jirani, twe! Akabaki na njaa. Akachungulia kwa Sange, akamkuta kashiba anaimba, wivu ukamkaba.

"Kwa nini ashibe yeye, nisishibe mimi?"

Akanyang'anya kipande cha jirani. Kacha-kacha-kacha! Twe! Akachungulia tena, wivu ukamkaba tena. Akanenepa, akazaa, wanawe nao wakanyang'anya. Majirani wakakonda, ardhi ikachacha. Huko nje Tembo akaanza kuyumba, macho ya manjano.

"Hii saratani," watu wakanong'ona. "Tembo akifa, tumekwisha sote. Tufunge ghala!"

"Mkifunga leo, atarudi kwenye mafiga yake apike maharage ya akiba kama sisi," Sange akasema. "Niachieni mimi."

Akamwendea Fisi.

"Shikamoo, mkubwa."

"Marahaba. Umeleta sukari?"

"Nimeleta wivu, mkubwa. Kijiji kizima tunakuonea wivu! Hupiki, hupulizi, moshi haukulizi. Ila..."

"Ila nini?"

"Watu wanacheka. Wanasema, mbona bado ana mafiga kama sisi masikini?"

"Nani kacheka?"

Fisi akabeba mafiga yake na ya wanawe, mbio hadi mtoni. Chubwi! Chubwi! Chubwi!

Kulipokucha, Sange akaingia ghalani akabana mlango. Mlango wenyewe mdogo, na Fisi kwa unene ule hata bega halikupita. Nje yaliachwa maharage makavu matupu. Watu wakapika, wakala. Fisi akatafuna, ka! Jino likavunjika.

"Sange, niazime mafiga!"

"Mkubwa, mila unaijua. Mafiga hayaazimwi."

Fisi akakaa akitazama vyungu vya wenzake vikitokota, vya moto havinyang'anyiki, ana wivu mpaka machozi. Akanywea, akanywea, yeye na wanawe, wakaisha. Tembo akainuka, akala majani.

Na funzo lake? Wivu ni kitu kizuri sana! Bila Fisi kutaka kuonewa wivu, Tembo tungemzika. Kwa hiyo oneaneni wivu, wapenzi. Ila ini lako likiuma usiende kuficha kopo la sukari. Nenda hospitali, Sange wa kule kasomea.

Hadithi nimeitua hapa. Aliyeipenda aibebe, aliyechukia anirudishie.

Nawe Somoe, kanga endelea kuitazama. Mafiga umeyaacha wapi?