Shimo la Hei na Pua ya Kiboko

Hapo zamani za kale, na wewe unayetafuna kucha hebu acha usikie, kiangazi kilikausha mbuga mpaka nyasi zikawa ngumu kama fagio. Fahali Ng'wandu akakonda, mbavu zikahesabika. Binti zake wawili, mitamba wazuri, hawakuweza tena kusimama bila kuegemea ukuta wa zizi.

Jirani yao Pimbi, kanyama kadogo kenye miguu isiyotulia, akakata nyasi zilezile kavu, ziwe hei ya ng'ombe. Akazinyunyizia maji yaliyokorogwa mbolea ya urea, akazishindilia shimoni, shindi! shindi! Akafunika kwa turubai na udongo.

"Wiki tatu," akasema. "Zitalainika, na mabinti watapona."

Ah, wiki hizo! Mara Pimbi apande mwamba, mara ashuke anuse turubai, mara akawatazame mitamba kama bado wanapumua. Aliogopa, wala hakuficha.

"Mjukuu wangu, tufungue leo," Fahali akamsihi siku ya kumi.

"Bado, babu! Bado!"

Siku ya kufungua ilipowadia, Pimbi hajagusa hata turubai, akasikia: Tuu! Tuu! Tuu! Kiboko huyo anakuja, tumbo linaburura vumbi.

"Nimesikia mna hei laini," akanguruma. "Naila yote!"

"Yote? Na mabinti wa Fahali je?"

"Watakula hadithi!"

Pimbi amzuie Kiboko? Thubutu! Akainama mpaka pua ikagusa ardhi.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba."

"Umekuja wakati mzuri. Si desturi yetu mkubwa ndiye hufunua chungu? Basi funua wewe. Ila utamu wake uko chini. Zamisha kichwa chote, vuta pumzi ndefu, ndipo ule."

"Pimbi! Umetuuza?" Fahali akafoka. Pimbi akamkanyaga ukwato.

Kiboko akararua turubai, akazama hadi masikio, akavuta pumzi.

Loo! Harufu kali ya mbolea iliyofungiwa wiki tatu ikampanda puani. "Chyaa! Chyaa! Macho yangu! Nakufa!" Akageuka, akaparamia mti, akatimua mbio hadi mtoni. Chubwi!

"Hiyo ni sumu!" akapiga kelele majini. "Kuleni wenyewe!"

"Ahsante, mzee, tutakula!"

Fahali akacheka mpaka akakohoa, kisha naye akainamisha kichwa shimoni. Pimbi akamrukia mkia.

"Hata wewe, babu? Tuitandaze kwanza, ipigwe upepo!"

Wakaitandaza, Pimbi akaigeuza huku na huku mchana kutwa. Jioni ule ukali ulikuwa umekwisha. Mtamba mkubwa akaonja, akatafuna, nyam-nyam-nyam, akamsukuma mdogo wake kwa pembe apate nafasi zaidi.

Nanyi mnaochungulia sufuria kabla ugali haujaiva, shikeni hili: mwenye pupa hadiriki kula tamu.