Rimu za Bwana Mshangama

Bwana Mshangama wa Tanga alikuwa na gari la kifahari, na kiwanja chenye karakana ya magurudumu ya Fundi Mwanakombo kilikuwa chake pia. Asubuhi moja akamwambia, "Nifungie rimu zitakazogeuza shingo za watu, na gari libaki jepesi na laini. Ukishindwa, hama kiwanja changu."

"Rimu kubwa zinapendeza, bosi, lakini ni nzito. Kila shimo utalisikia kiunoni."

"Hayo utajua mwenyewe."

"Na nikiweza?"

"Nakupa mkataba wa kiwanja wa miaka mitano."

Kesho yake Mshangama aliporudi kuchukua gari, alikuta majirani wamejaa na magurudumu yamefunikwa kanga.

"Ukiziona rimu kwanza, macho yatakudanganya," Mwanakombo akamwambia. "Endesha, mwili utoe hukumu."

Mshangama alipokwisha kuketi kwenye usukani, kanga zikaondolewa. Gari likapita mbio mara tatu, magurudumu yakimeremeta, na majirani wakapiga vigelegele. "Zinang'aa kama masinia ya harusi!"

Mshangama akashuka akicheka. "Hata mashimo ya sokoni sikuyasikia. Hizi ndizo!" Akatia sahihi mkataba juu ya boneti, kisha akachuchumaa azitazame vizuri. Hapo akaona kwenye rimu moja mkwaruzo ulioachwa na ukingo wa barabara alioukwaruza mwaka jana.

"Wewe! Hizi si rimu zangu za zamani?"

"Ndizo, bosi," Mwanakombo akajibu, akikunja mkataba. "Nimezisugua uchafu na kuzipaka rangi ya fedha. Uliagiza nzuri na nyepesi. Mpya hukuagiza."